Siku Kasuku Alipovaa Nyekundu

Nilimlisha yule ndege kwa mkono wangu, nikasafisha kizimba chake, nikamfunika kwa gunia mvua ya mawe ilipopiga, na siku zote hizo sikumpenda hata chembe. Memsahib, mke wa Mzungu mwenye shamba, alifikiri nina moyo laini. Aliwaambia wageni wake kwamba Adoyo anampenda kasuku kama mtoto. Mimi nilikuwa namnenepesha kama mtu anavyomnenepesha ng'ombe wa matanga. Nilimtaka awe hai mpaka paji lake libadilike rangi, kwa sababu nyekundu ile ndiyo ingemmaliza Gekara.

Gekara alikuwa nyapara wa wakata miti katika shamba lililokuwa likifunguliwa juu ya Boito, miaka ile Wazungu walipokuwa wakiondoa msitu ili wapande chai. Alikuwa mtu wa Kisii, mwenye koti refu la kaki na filimbi shingoni, na alitembea kana kwamba milima yote ile aliipanga yeye. Mume wangu Owino alikuwa mmoja wa wakataji wake. Sisi tulitoka upande wa ziwa, tukapewa chumba kwenye laini za wafanyakazi, chumba ambacho ukipika moshi hukaa nawe kama jamaa aliyekuja kukutembelea.

Owino hakuzaliwa msituni. Kwetu ndege tunaowajua ni wale wa kwenye matete. Lakini alipowaona kasuku wa huku juu, akashikwa, na kila jioni nilipewa habari zao hata kama sikuziomba. Hawa si wale wa kijivu wanaofundishwa kusema. Ni wa kijani, wanene kuliko njiwa, na wakikomaa huwa na nyekundu kali kwenye paji la uso na begani. Hulala juu kabisa ya miti mirefu. Alfajiri hupita juu ya laini zetu wawili wawili wakipiga kelele, wakienda kula mbegu za mipodo, na jioni hurudi kwa njia ileile. Hawajengi kiota. Hutafuta mti uliooza ndani, mama akataga juu ya ungaunga wa mti, akalalia, na baba akamletea chakula na kumtapikia mdomoni.

"Siku ukinitapikia mimi mdomoni," nilimwambia Owino, "nitakurudisha kwa mama yako."

Alicheka mpaka akaweka sahani chini. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kucheka haraka.

Wakataji wenzake hawakuwa na muda wa uzuri wa kasuku. Kwao kasuku akiingia kwenye mti ni habari mbaya: mti huo ni mtupu ndani. Mti mzima huanguka unakoutuma. Mti mtupu hupasuka katikati, au hujizungusha kwenye kisiki na kumrudia aliyeukata. Kwa hiyo walikuwa na sheria yao, ambayo Bwana, yule mwenye shamba, hakuitunga wala hakuielewa. Kabla ya pigo la mwisho, mkataji mkubwa alisimama akaita jina la kila mtu aliyeingia msituni siku hiyo. Kila mmoja alijibu "Niko" kutoka alipo. Jina likikosa jibu, shoka liliwekwa chini mpaka mtu aseme mwenye jina yuko wapi. Hata mvua inyeshe, hata Bwana atukane. Mzee Nyang'au ndiye aliyekuwa akiita, kwa sauti iliyofika mpaka ng'ambo ya mto.

Sasa, Memsahib alitaka kasuku. Alitaka kinda, kwa sababu mkubwa hafugiki, atakung'ata mpaka mfupa. Na Gekara alitaka kuwa nyapara mkuu wa shamba zima. Jumapili moja asubuhi Owino alivaa viatu vyake vya kazi, nami nikamuuliza anakwenda wapi badala ya kanisani.

"Gekara ameniita nimwonyeshe ule mti wa kasuku," akasema.

"Jumapili?"

"Anataka kuuona tu. Nitarudi kabla hamjamaliza kuimba."

Tuliimba, tukamaliza, tukarudi. Alasiri filimbi ya Gekara ikalia kutoka ukingoni mwa msitu, na watu wakakimbia. Walimkuta mume wangu chini ya mti uliopasuka, amekwisha kufa. Gekara alisimama kando, ameshika kinda mmoja aliyekufa, akamwonyesha Bwana kama ushahidi. Akasema yeye alikuwa anapita tu. Akasema Owino alikuja peke yake kuiba makinda akauze, akaukata mti mtupu bila kumwita mtu, na haya ndiyo matokeo.

Bwana akasema ni kosa la marehemu mwenyewe. Tukamzika chini ya shamba, karibu na mto, mbali na kwao.

Niliwaambia watu aliyoniambia Owino asubuhi ile. Walinisikiliza kama mjane anavyosikilizwa, kwa kuinamisha kichwa. Neno la nyapara lilikuwa neno la nyapara. Na kilichoniumiza zaidi si Gekara. Ni wale wakataji, waliokula na mume wangu kwenye sufuria moja. Kwao mwizi anaweza kusamehewa, lakini mtu anayeangusha mti bila kuita majina ni mtu anayeweza kumuua mwenzake, na hawakumtaja Owino tena. Nyang'au akipita mlangoni kwangu alisalimu na kuangalia mlima. Mume wangu alikuwa amekufa mara mbili, na hiyo ya pili nilikataa kuizika.

Haukupita muda mrefu, Gekara akampelekea Memsahib kasuku aliye hai. Kijani, mwenye afya, bila nyekundu hata kidogo. Nilipomwona kwenye baraza la nyumba kubwa nilijua ametoka kwenye mti gani. Siku ya posho, watu wote wakiwa kwenye foleni na magunia yao, nikamwambia Gekara mbele yao kwamba ndege yule ametoka kwenye mti uliomuua mume wangu.

"Wewe mama," akasema, "hiyo uchungu yako isikufanye mwenda wazimu. Hii ndege nilinunua Sosiot, kwa mtu wa msitu. Ni mzee tayari. Ni aina ingine, haina nyekundu. Wale wa ule mti walikuwa na nyekundu, si mliona wenyewe wakipita?"

Mzee Nyang'au, naye mtu wa Kisii, akaweka gunia lake chini.

"Kama ni hivyo, apa," akasema. "Apa emuma, hii maneno iishe."

Emuma ni kiapo chao. Hata sisi wa ziwa tulikiogopa. Aliyeapa uongo kinamtafuna, na baada yake kinawatafuna wanaokula naye. Hakina haraka, lakini hakisahau.

Gekara hakusita, na nilijua kwa nini hakusita. Alikuwa amefikiri kama mfuga kuku. Jogoo ana kishungi chekundu, kuku jike ana kidogo tu. Kwa akili yake, kasuku mwenye nyekundu ni dume, asiye nayo ni jike, na huyu wake ni jike, atabaki hivyo mpaka afe. Akaenda kwenye mti wa omotembe, ule watu wake wanaoushika wakiapa, uliokuwa nyuma ya stoo, akaushika, akasema kwa lugha yao halafu akarudia kwa Kiswahili ili tusikie wote: "Kama hii ndege ilikuwa kinda mwaka huu, kama niligusa kinda mzima wa ule mti, emuma inimalize mimi na nyumba yangu."

Watu wakashusha pumzi. Wanawake wakanitazama kwa hasira, maana nilimfanya mtu mzima aape bure. Mimi niliinama nikafunga gunia langu la unga ili wasione uso wangu, kwa sababu nilikuwa natabasamu. Owino alikuwa ameniambia. Usiku na mchana alikuwa akinijaza kichwa habari za ndege wale, na miongoni mwa yale niliyodhani ni upuuzi lilikuwamo hili: makinda wote, madume na majike, huzaliwa na paji la rangi ya udongo. Nyekundu huja baadaye, wanapobadilisha manyoya yao ya kwanza. Na kwa wakubwa, mama na baba wote wanayo. Gekara alikuwa amejifunga mwenyewe, na kamba yenyewe ilikuwa inaota taratibu kichwani mwa kasuku.

Kulikuwa na tatizo moja tu. Ndege alikuwa anakufa.

Memsahib alikuwa akimlisha biskuti na ndizi. Nilipokwenda nyumba kubwa kuomba kazi, nilimkuta amejikunja pembeni mwa kizimba, manyoya yamesimama.

"Hii ndege iko gonjwa," Memsahib akaniambia. "Wewe najua yeye nataka nini?"

"Najua," nikasema. "Anataka mbegu za podo."

Nikapewa kazi siku hiyohiyo. Kila asubuhi nilishuka kwenye kipande cha msitu kilichobaki, nikaokota matunda ya podo yaliyoanguka. Matunda yalipokwisha nilimtafutia ya mizeituni ya mwituni. Nilimpa vipande vya mti atafune, kwa maana mdomo wa kasuku usipofanya kazi hurefuka mpaka ashindwe kula. Mikono yangu ilijaa makovu. Alinichukia kama nilivyomchukia, na katika hilo tulielewana vizuri. Wenzake walipopita juu alfajiri, alinyoosha shingo akawapigia kelele, nao wakajibu bila kupunguza mwendo. Nilimwambia anyamaze, asubiri kama mimi ninavyosubiri.

Shemeji yangu, ndugu yake Owino, alikuja kutoka nyumbani kunichukua. Alisema si vizuri mjane kubaki peke yake kwenye nchi ya watu, akiosha sahani za Wazungu. Nilimwambia nitakuja, bado kidogo. Akauliza kidogo kiasi gani. Sikuweza kumwambia kwamba nangoja unyoya.

Gekara akawa nyapara mkuu. Alipewa koti jipya. Akinikuta njiani na kapu la matunda alikuwa akisema, "Mama Kasuku, habari ya mtoto?" na wale waliokuwa naye walicheka. Nilijibu kwamba mtoto anaendelea vizuri, anakusalimu. Nilisema hivyo kila mara, kwa adabu, na kila mara nilimeza kitu kichungu kuliko mwarobaini.

Mwaka ukazunguka. Msimu wa mvua kubwa ukapita, kasuku akaanza kuacha manyoya chini ya kizimba. Asubuhi moja niliinama kumwekea maji, nikaona juu ya mdomo wake kitone, kama mtu amemgusa kwa kidole chenye damu. Nilikaa chini kwenye sakafu ya baraza. Nilitaka kupiga kelele nikajizuia, kwa sababu kitone kimoja mtu anaweza kusema ni uchafu. Nikangoja tena. Nilingoja mpaka paji lote likawaka, na begani pia, hata kipofu angeambiwa angeamini.

Memsahib alipomwona alipiga makofi. "Sasa iko nzuri sana," akasema. Nikamweleza nyekundu ile ina maana gani, na Owino alikuwa nani, na Gekara alifanya nini. Alinisikiliza mpaka mwisho. Akasema pole, akaniambia nichukue sukari kidogo jikoni. Sukari niliichukua, sikatai sukari. Lakini sikupoteza neno lingine kwake wala kwa Bwana wake. Sikuwa nimemlisha ndege mwaka mzima kwa ajili ya hukumu yao.

Siku iliyofuata wakataji walikuwa wanaangusha mti mkubwa ukingoni, juu ya kitalu cha miche. Nilikifunika kizimba kwa gunia, nikakibeba kichwani, nikapanda nacho katikati ya mistari ya chai changa. Nilifika wakati mti umeshakatwa sehemu yake kubwa, na watu wanapumzika kabla ya kuita majina. Gekara alikuwepo, amesimama na koti lake, anawahimiza. Nikaweka kizimba chini mbele ya mzee Nyang'au, nikaondoa gunia.

Kasuku akatikisa manyoya kwenye jua. Nyang'au alichuchumaa, akamtazama, akaweka kidole chake kwenye waya usawa wa paji lile. Ndege akamng'ata. Nyang'au hakuondoa kidole upesi.

"Ndiye yule?" akaniuliza.

"Ndiye yule, mzee. Hajawahi kutoka mkononi mwangu."

Akageuka kumtazama Gekara. Wale wa Kisii waliokuwa wameketi karibu na Gekara waliinuka mmoja mmoja, wakahamia upande mwingine, na aliyekuwa amepokea ugoro wake akaumwaga chini. Gekara alikuwa ameshaelewa.

"Hiyo ni ndege ingine," akasema. "Huyu mama amebadilisha."

Nyang'au alisimama, akasafisha koo, akaanza kuita majina kama kawaida ya kazi. Lakini jina la kwanza halikuwa la mtu aliyekuwepo.

"Owino!"

Sauti ikaenda mpaka ng'ambo ya mto, ikarudi. Nilikuwa sijasikia jina lile likiitwa msituni tangu tumzike. Watu walisubiri. Nyang'au akaita tena. Kisha akaweka shoka lake chini, na wengine wote wakaweka yao.

"Owino hajajibu," akasema. "Nani anajua yeye iko wapi?"

"Mmekuwa wazimu?" Gekara akasema. "Bwana anataka hapa pawe wazi. Huo mti umekatwa nusu. Mnajua hauwezi kuachwa hivyo?"

"Tunajua," Nyang'au akasema. "Nani anajua Owino iko wapi?"

Mti ulilia kidogo, ule mlio wa mti uliojeruhiwa unapopata upepo. Hakuna aliyesogea. Gekara alipuliza filimbi, ikalia kama ya mtoto anayecheza. Alimwita huyu kwa jina, akamwita yule, na kila aliyemwita alitazama chini. Akatishia kuwafukuza. Wakakaa. Nadhani kilichomvunja si hasira yao. Ni kwamba hawakuwa na hasira. Walikuwa wanafuata sheria ya kazi, na sheria ilikuwa na swali moja tu, na mwenye jibu alikuwa mmoja tu.

"Alikuwa upande wa chini," Gekara akasema mwishowe, bila kumtazama mtu. "Tulikuwa tunakata wawili. Yeye alitaka kuita. Nikamwambia asiite, nilitaka mama yao pia, na akisikia kelele ataruka. Mti ukageuka. Mimi niliuona."

"Ukamwambia?" nikauliza.

Akaishika filimbi yake shingoni.

"Ukamwita, Gekara?"

"Niliruka," akasema. "Halafu nikaenda kwa lile shimo kutoa makinda. Mmoja alikuwa mzima. Nikampeleka kwangu kwanza, nikarudi."

Nilijua swali lililobaki. Nilikuwa nimelala nalo mwaka mzima bila kulijua, na sasa lilikuja lenyewe mdomoni.

"Ulipokuwa unatoa hao makinda, mume wangu alikuwa anapumua?"

Alitazama kizimba. Hakunitazama mimi, alitazama ndege.

"Alikuwa anapumua," akasema.

Watu hudhani saa kama ile mtu hulia. Sikulia. Nilijaa furaha kali, chungu, na sioni haya kuisema, kwa sababu alikuwa amesimama pale na koti lake la unyapara mkuu akitetemeka kama kuku aliyenyeshewa, na kila mtu aliyewahi kumwogopa alikuwa anamwona. Mume wangu hakuwa mwizi. Mume wangu alitaka kuita. Wakataji wote walisikia.

Nyang'au alinigeukia. "Shemeji," akasema, na lilikuwa neno la kwanza la undugu aliloniambia tangu mazishi, "jina limejibiwa?"

"Limejibiwa," nikasema. "Endeleeni na kazi."

Akaokota shoka. Akaita majina mengine yote, moja baada ya jingine, na kila mtu akajibu "Niko" kutoka alipo. Gekara alisimama chini ya mti, mdomo wazi, akingoja lake, maana siku zote nyapara aliitwa mwisho. Nyang'au alimaliza kuita, akafunga mdomo, akatemea viganja vyake mate. Ndipo Gekara alipoelewa kwamba majina yamekwisha, na mti utaangushwa bila yeye kuhesabiwa. Akageuka akakimbia, akapita katikati ya miche ya chai akiikanyaga, koti likipepea nyuma, na mti ukaanguka vizuri kabisa mahali ulipotumwa.

Hakulala kambini siku hiyo. Watu wake hawakumpa moto wala maji. Nani ale na mtu wa emuma? Bwana alishangaa nyapara wake mkuu amekwenda wapi, akaweka mwingine. Kasuku nilimrudisha kwa Memsahib. Wengine huniuliza kwa nini sikumfungulia aruke. Angeruka aende wapi? Hakuwahi kuijua njia ya wenzake, na mimi sikumlisha kwa huruma. Nilifungasha vyombo vyangu, nikamtumia shemeji yangu habari kwamba sasa aje.

Nasikia wakataji wa Boito bado wanaanza na jina la Owino, na yeyote aliye karibu hujibu, "Tunajua alipo." Kisha wanaita ya walio hai. La Gekara halimo. Na jina lisiloitwa, kwa sheria yao, hakuna mtu anayedaiwa kujua mwenye jina hilo yuko wapi.